Dohani Huoza Kuanzia Juu

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Januari 1968, dhoruba kutoka Atlantiki iliipiga Uskoti ya kati kwa upepo uliopita kasi ya kilomita 160 kwa saa. Glasgow ndiyo iliyoumia kuliko miji mingine. Watu wapatao 20 walipoteza maisha katika eneo hilo, na nyumba zipatazo 250,000 zikaharibika. Baadhi ya waliokufa hawakuguswa na upepo wenyewe. Waliuawa na dohani. Katika mtaa wa Partick, dohani ya jengo moja la ghorofa ilianguka, ikatoboa paa, ikaporomoka na sakafu moja baada ya nyingine hadi chini, na watu wanne wakafa humo.

Upepo ule ungeweza kuangusha hata vitu vizima, hilo halina ubishi. Lakini mengi ya majengo yale ya mawe ya mchanga yalijengwa katika karne ya 19. Kwa miongo kadhaa dohani zake zilipitisha moshi wa makaa ya mawe kwa ndani na kupokea mvua kwa nje, huku matengenezo yakiahirishwa mwaka baada ya mwaka. Dhoruba ilizikuta zimeshachoka.

Dohani nyingi haziishii kuangukia watu. Huchakaa kimyakimya, tofali baada ya tofali, mahali pa juu kabisa ambapo mwenye nyumba hana safari ya kufika. Methali ya ufa na ukuta kila mmoja wetu anaijua. Ugumu wa dohani ni kwamba ufa wenyewe hauonekani. Tena uharibifu wake hauongezeki kwa kiwango kimoja, leo kidogo na kesho kidogo. Hupanda ngazi. Kila sehemu ya dohani iliwekwa ili kuilinda sehemu nyingine iliyo ghali kuliko yenyewe, na sehemu ya kwanza ikishindwa, ile ya pili hubaki wazi kwa maji na moto. Anayeahirisha hudhani anaahirisha gharama ileile. Kumbe mwakani atakuwa analipia kitu kingine kabisa, kwa fundi mwingine kabisa.

Msomaji wa Tanga au Mombasa, ambaye nyumba yake haijawahi kuhitaji kupashwa moto, anastahili maelezo kwanza. Dohani, au bomba la moshi kama wengi tunavyosema, ni mnara wa tofali au mawe unaoanzia mekoni, ukapita ukutani, ukatoboa dari na paa, kisha ukachomoza juu ya nyumba. Ndani yake mna njia ya moshi. Katika nyumba nyingi za karne ya 20 njia hiyo imevalishwa bitana ya vigae vya udongo wa kuchoma. Za zamani zaidi zilipigwa lipu ya chokaa tu, wakati mwingine iliyochanganywa na samadi ya ng'ombe. Juu kabisa pana kofia ya mota au zege iliyoinamishwa ili maji yatiririke nje, na katika nyumba za Uingereza juu ya kofia hiyo husimama chungu cha udongo ambamo moshi hutokea. Pale mnara unapokutana na paa, pengo huzibwa kwa bati la risasi au la chuma lililokunjwa na kuingizwa katika maungio ya tofali. Mafundi wetu wa paa huliita flashingi.

Adui mkubwa wa chombo hiki kilichojengwa kwa ajili ya moto ni maji. Ukuta wa kawaida una paa juu yake na chumba chenye joto nyuma yake. Dohani haina hata kimoja. Hupigwa na mvua pande zote nne, na juu, na hukauka kwa upepo tu. Tofali na mota vina vinyweleo, hivyo hunywa maji. Maji yakiganda hutanuka kwa takribani asilimia 9, na kwa kuwa yako ndani ya vinyweleo hayana pa kwenda isipokuwa kusukuma. Mchana yanayeyuka, yanaingia ndani zaidi, usiku yanaganda tena. Ndiyo maana baridi kali isiyoachia haiharibu dohani kama vile hali ya kuganda usiku na kuyeyuka mchana, ambayo miji kama Chicago na Toronto huipitia mara nyingi kila mwaka. Baada ya misimu kadhaa uso wa tofali hubanduka na kuacha kiini laini kisichokuwa na ngozi, ambacho hunywa maji kwa pupa kuliko kilivyokuwa awali. Kutoka hapo mwendo haurudi nyuma.

Ufuate mfuatano huu kwa makini, maana ndani yake mna hoja nzima. Kofia ya juu hupata ufa mwembamba, pengine kwa kuwa ilimwagwa nyembamba mno au mota yake ilikauka haraka. Kwa hatua hii fundi mmoja, akiwa ameshafika juu, anaweza kuuziba kwa muda mfupi na kwa vifaa vichache. Ukiachwa, maji huingia kwenye mistari ya juu ya tofali, na sasa maungio ndiyo yanayolegea. Kazi inakuwa ya kukwangua mota iliyokufa na kujaza mpya. Maungio yakiachwa, tofali zenyewe zinapasuka, na mistari kadhaa ya juu lazima ibomolewe na kujengwa upya. Wakati huo flashingi imeshapoteza mota iliyokuwa imeishika, imechomoka, na maji yanateremka ubavuni mwa mnara hadi kwenye kenchi za paa. Mbao zikilowa na kukauka bila mpangilio huota ukungu na kuoza. Sasa anahitajika seremala, halafu fundi wa dari, halafu mpaka rangi. Doa la hudhurungi kwenye dari ya chumba cha kulala ndilo taarifa ya kwanza kwa wenye nyumba wengi, nalo ni la mwisho katika mfuatano wote niliousimulia.

Kuna madoa mengine yanayowachanganya watu. Moshi wa makaa ya mawe na wa kuni huacha chumvi ndani ya tofali. Chumvi hizo zikifikiwa na maji husafiri hadi kwenye lipu ya ndani, na zikishakaa hapo huvuta unyevu kutoka hewani. Matokeo yake ni alama ya manjano au kahawia ukutani, juu ya meko, inayokolea siku za unyevu na kufifia siku kavu, hata kama hakuna tone jipya lililovuja. Mwenye nyumba hupaka rangi, alama inarudi. Hupaka tena. Rangi haitaimaliza, kwa sababu chumvi ziko ndani ya lipu yenyewe, na mara nyingi lipu hiyo haina budi kung'olewa. Ufa wa dohani ungezibwa mapema, chumvi zingebaki zilipokuwa.

Salfa nayo ina kazi yake. Moshi wa makaa ya mawe hubeba gesi za salfa ambazo, zikikutana na unyevu ndani ya dohani yenye baridi, huzaa salfati zinazoshambulia mota ya saruji na kuifanya ivimbe. Upande unaopigwa zaidi na mvua hukaa na unyevu muda mrefu, kwa hiyo huvimba kuliko wa pili, na mnara mzima huanza kuinama taratibu kuuacha upande huo. Ukipita katika mitaa ya zamani ya Uingereza utaziona dohani za namna hii zimepinda dhidi ya anga. Wenyeji wamezizoea. Kuzizoea huko ndiko kunakonitia hofu, kwa sababu mnara wa tani kadhaa uliopinda unashikiliwa na mota ileile iliyougua.

Hayo yote ni ya nje. Ndani kuna hatari ya namna nyingine, isiyohesabiwa kwa fedha peke yake.

Kuni zikiungua, hasa zikiwa mbichi au moto ukiwa umebanwa hewa usiku kucha, moshi wake hubeba mvuke na lami ambazo hazikuungua. Zikifika sehemu ya juu ya dohani iliyo baridi huganda ukutani na kuwa kreosoti: kwanza masizi mepesi, halafu magamba, mwishoni utando mweusi unaong'aa ulioshika kama lami ya barabara. Kreosoti ni kuni. Ikishika moto, joto ndani ya njia ya moshi linaweza kufika nyuzi 1,100 za Selsiasi, na vigae vya bitana, vinavyopashwa ghafla kiasi hicho, hupasuka. Moto mwingine wa dohani hunguruma na kuwatoa majirani nje. Mwingine huungua polepole kwa uhaba wa hewa, ukazimika wenyewe, na wenye nyumba wasijue kwamba ulitokea. Huo wa pili naona ndio mbaya zaidi. Unaacha bitana yenye nyufa, na familia inaendelea kuwasha moto kila jioni mbele ya meko yaleyale. Safari inayofuata, miali na gesi za moto hupenya nyufa na kufika kwenye mbao zilizojengewa karibu na dohani. Ubao uliokaa ukipashwa joto kwa miaka mingi hubadilika kiasi kwamba hushika moto katika joto la chini kuliko ubao mpya.

Ndiyo sababu shirika la Marekani la kuzuia moto, NFPA, katika mwongozo wake wa dohani namba 211, linataka kila dohani ikaguliwe angalau mara moja kwa mwaka, hata ile isiyotumika sana, na linataka ukaguzi wa kina zaidi nyumba inapouzwa au baada ya tukio kama moto wa dohani au tetemeko. Siku hizi ukaguzi huo wa kina hufanywa kwa kamera inayoteremshwa ndani. Ushauri wa kuni zenyewe ni mwepesi: zikatwe, zipasuliwe, zianikwe mahali penye upepo hadi unyevu wake ushuke chini ya asilimia 20.

Kisha kuna gesi. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Dohani iliyozibwa na kiota, na tofali zilizodondoka au na masizi huirudisha chumbani. Dohani yenye nyufa huipitisha ukutani, hata hadi chumba cha juu au nyumba ya jirani, kwa watu ambao hawakuwasha moto wowote. Kichwa kinauma, mtu anahisi kichefuchefu na kizunguzungu, akitoka nje anapata nafuu, akirudi yanaanza upya. Wengi hudhani ni mafua. Wengine hulala na hawaamki. Uskoti sasa inaagiza, tangu Februari 2022, kwamba kila nyumba yenye kifaa kinachochoma mafuta, gesi au kuni, au yenye njia ya moshi inayopita ndani yake, iwe na king'ora cha gesi hii. Ni sheria nzuri. Lakini king'ora hupiga kelele gesi ikishakuwa chumbani, hakizibi ufa.

Kwa nini basi watu wenye akili zao, wanaopeleka gari kukaguliwa kila mwaka, huiacha dohani hadi mvua iwanyeshee kitandani?

Sababu ya kwanza ni jukwaa la mafundi. Kujaza maungio machache ni kazi ndogo, ila kumfikisha fundi huko juu kwa usalama si kazi ndogo, na mara nyingi gharama ya kusimamisha jukwaa huzidi ya mota na mikono. Mwenye nyumba akiona makadirio hujiambia: nikishalazimika kulipia jukwaa, afadhali nisubiri kazi iwe kubwa ya kutosha. Hesabu hiyo inaonekana ya busara, na naielewa. Kosa lake ni kudhani kwamba kazi itasubiri ikiwa ya aina ileile. Njia bora ni kuigeuza: jukwaa likisimamishwa kwa sababu nyingine yoyote, iwe gata, vigae vya paa au rangi ya nje, dohani ikaguliwe na kutengenezwa siku hiyohiyo, hata kama ufa ni mwembamba kama unywele.

Sababu ya pili ni umiliki wa pamoja, na hapa Glasgow inafundisha tena. Katika majengo yake ya ghorofa mnara mmoja unaweza kubeba njia za moshi za nyumba nyingi, kila meko na njia yake. Sheria ya Uskoti ya 2004 kuhusu majengo hayo inasema kwamba, hati za nyumba zisipoeleza vinginevyo, kila mwenye nyumba ana sehemu katika mnara kulingana na idadi ya njia zake za moshi ndani ya mnara huo, na inaweka utaratibu wa walio wengi kuamua matengenezo. Sheria inatenda haki, lakini haiwezi kumfanya mtu aone asichokiona. Anayeishi ghorofa ya juu ndiye anayelowa. Anayeishi chini anasikia habari za maji kana kwamba ni za mtaa mwingine. Vikao vinaitishwa, barua zinaandikwa, mmoja amepangisha nyumba yake na yuko mbali, mwingine hana fedha mwaka huu. Miezi inakwenda. Ningemwomba wa ghorofa ya chini akumbuke jinsi mnara wa Partick ulivyoteremka hadi chini kabisa.

Tangu mwaka 2000 jiji la Glasgow limepokea wakimbizi wengi waliopelekwa huko wakisubiri uamuzi wa maombi yao, wakiwamo Wakongo wanaozungumza Kiswahili, na wengi wao ni wapangaji. Mpangaji hana amri juu ya dohani, lakini ana macho. Vipande vya mota ndani ya meko, mchanga unaodondoka nyuma ya ubao ulioziba meko ya zamani, kipande cha tofali kwenye gata au uani: haya aandike kwa mwenye nyumba, aweke tarehe na picha, abaki na nakala. Simu husahaulika.

Sababu ya tatu ni dohani zisizotumika. Moshi mzito ulioifunika London Desemba 1952 uliua maelfu ya watu, na Sheria ya Hewa Safi ya 1956 iliyofuata ilianza kuisukuma Uingereza kuachana na makaa ya mawe majumbani. Baadaye umeme na gesi vikachukua nafasi ya meko. Mamilioni ya njia za moshi zikapoa, na mengi ya meko yakazibwa kwa mbao na lipu. Watu wakaona dohani imestaafu. Lakini moto ndio uliokuwa ukiikausha. Dohani baridi iliyozibwa juu na chini huhifadhi mvuke ndani yake, mvuke unageuka maji, maji yanaziamsha zile chumvi za zamani. Iliyoachwa wazi juu hupokea mvua yote bila joto la kuikausha. Dohani isiyotumika inahitaji kifuniko kinachozuia mvua lakini kinachopitisha hewa, na tundu la hewa chini pale meko yalipokuwa. Ni vitu vya bei ndogo kuliko karibu kila kingine katika habari hii.

Hata hivyo, kutengeneza mapema hakuna maana ya kumwita yeyote mwenye mwiko na mfuko wa saruji. Hili nalisisitiza, kwa sababu matengenezo mabaya yameharibu dohani nyingi za zamani. Joseph Aspdin alipewa hataza ya saruji ya Portland mwaka 1824, na kwa miongo mingi baadaye nyumba ziliendelea kujengwa kwa mota ya chokaa. Chokaa ni laini kuliko tofali, hukubali kusogea kidogo, na huruhusu unyevu kutokea kwenye maungio. Kwa maneno mengine maungio ndiyo yaliyokusudiwa kuchakaa, ili tofali zibaki. Fundi akija na mota ngumu ya saruji, akayaziba maungio ya tofali laini za miaka 120, unyevu uliokuwa ukitokea pembezoni sasa hauna njia isipokuwa uso wa tofali wenyewe. Baridi inapokuja, nyuso hubanduka huku mistari ya saruji ikibaki imesimama. Umeshaona ukuta ambao maungio yametokeza na tofali zimeliwa kwa ndani? Hiyo ndiyo kazi yake.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa fundi wa nyumba ya zamani ni mota gani atatumia na kwa nini. La pili ni atakwangua kwa kina gani: angalau mara mbili ya upana wa ungio, la sivyo mota mpya ni ngozi tu na itadondoka. La tatu linahusu dawa za kuzuia maji. Zipo zinazopakwa juu ya tofali, na baadhi zinafaa, mradi ziruhusu mvuke kutoka. Zile zinazofunga kabisa, pamoja na rangi za kawaida na lami, hufungia ndani maji yaliyokwisha kuingia. Fundi anayekuja na ndoo ya lami kuziba flashingi iliyochomoka anakuuzia msimu mmoja, pengine miwili, halafu anayemfuata atatumia nusu ya siku kuikwangua.

Kuhusu bima sitakaa sana. Kwa kawaida bima ya nyumba hulipia janga la ghafla, kama radi, dhoruba au moto, na hailipii kuchakaa kwa muda mrefu. Dohani ikianguka kwa upepo, mkaguzi wa bima huangalia mota iliyobaki, na akiona ilikuwa imekufa zamani, mazungumzo hubadilika. Picha za ukaguzi wa kila mwaka na risiti za fundi humlinda mwenye nyumba siku hiyo. Wanunuzi nao hufanya hesabu yao wenyewe: ufa ambao muuzaji angeuziba kwa kiasi kidogo unageuka sababu ya kupunguza bei kwa kiasi kikubwa, maana mnunuzi hajui umefika wapi na anakisia lililo baya zaidi.

Matetemeko yanaonyesha jambo hilihili kwa sekunde chache. Tarehe 27 Februari 2008 tetemeko la kipimo cha 5.2 lilitikisa Uingereza kutoka karibu na Market Rasen. Ni dogo kwa viwango vya dunia, lakini katika mji wa Wombwell dohani ilitoboa paa na kumjeruhi kijana aliyekuwa kitandani. California ilijifunza hayo mwaka 1989 na 1994, kisha tena huko Napa mwaka 2014: mnara wa tofali usio na nondo ni miongoni mwa vitu vya kwanza kuanguka, na ule wenye mota iliyolegea hutangulia hata wenzake. Huko, mwenye nyumba anayejenga upya dohani hushauriwa kuacha tofali nzito juu ya paa na kutumia bomba jepesi la chuma.

Na kwetu? Dohani zipo, ingawa hazitajwi. Nyumba za zamani za Lushoto, za mashamba ya chai ya Mufindi, Kericho na Limuru, zina meko na minara ya tofali au mawe iliyojengwa zama za Wajerumani na Waingereza, na nyumba mpya za wenye uwezo katika nyanda za juu zinaendelea kujengewa meko. Jalidi huonekana sehemu chache, kama uwanda wa Kitulo, lakini si yenyewe inayovunja tofali. Kwetu utaratibu wa maadui ni mwingine. Mvua ya masika hutangulia, hasa pale mnara unapopenya paa la bati, maana bati hucheza kwa jua na baridi na kuivuta flashingi kila siku. Kisha mbegu za mimea: mche wa jamii ya mkuyu ukiota kwenye ufa wa kofia hupeleka mizizi ndani ya maungio, na kuung'oa baada ya miaka mitano ni kubomoa. Popo na nyuki huziba njia ya moshi. Na katika mikoa kama Iringa na Njombe, ambako nyumba nyingi za tofali za kuchoma hujengwa kwa udongo badala ya saruji, dohani ya jikoni iliyojengwa hivyo huoshwa na mvua mapema sana kwa juu. Mistari mitatu au minne ya juu ikijengwa kwa mota nzuri na kufunikwa kwa kofia yenye mdomo unaozidi ukuta, udongo uliobaki chini hudumu miaka mingi.

Hatari yetu kubwa huja kwa mlango wa nyuma. Meko yanapoanza kurudisha moshi chumbani kwa sababu dohani imeziba, familia huacha kuyatumia, na baridi ya Juni na Julai inapofika huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Mkaa ulioshika vizuri hautoi moshi, kwa hiyo watu huona wako salama. Gesi ni ileile ya kaboni monoksaidi, na hapa haina hata dohani mbovu ya kutokea. Karibu kila mwaka magazeti ya Kenya na Tanzania huandika habari za familia zilizokutwa zimekufa asubuhi pembeni ya jiko. Kuzibua na kutengeneza dohani ni sehemu ya kinga dhidi ya vifo hivyo kwa nyumba zenye meko. Kwa zisizo nayo, jiko libaki nje.

Wakati wa kufanya kazi nao una uzito. Katika nchi za baridi wengi hukumbuka dohani siku ya kwanza ya baridi, wakati mafundi wote wameshashikwa na mota ya chokaa haiwezi tena kuwekwa, kwani haipendi joto lililo chini ya nyuzi 5 na huharibiwa na jalidi kabla haijakomaa. Ukaguzi ufanywe mwishoni mwa majira ya baridi, uharibifu wa mwaka huo ukiwa bado mbichi, na kazi ifuate kiangazi. Mashariki mwa Marekani na Kanada kuna sharti la ziada: ndege mdogo anayefanana na mbayuwayu hurudi kutoka Amerika ya Kusini wakati wa machipuo na kujenga kiota ndani ya dohani, naye analindwa na sheria ya ndege wahamao, ambayo Marekani iliipitisha mwaka 1918. Akishataga, kiota hakiguswi hadi makinda yaruke. Ukaguzi anaoweza kuufanya mwenye nyumba mwenyewe hauhitaji kupanda juu ya paa: asimame uwanjani na darubini baada ya mvua, aangalie upande upi unachelewa kukauka, mstari upi wa maungio una kivuli kirefu kuliko mingine, kama mnara umenyooka ukiulinganisha na kona ya nyumba, kisha apande darini na tochi mvua inaponyesha na kugusa mbao zinazouzunguka mnara.

Wakati mwingine uamuzi sahihi ni kuiondoa dohani kabisa, na kuna wenye nyumba wanaoiweka hai kwa mapenzi tu, jambo ambalo silibezi. Kama haitatumika tena na imeshafika kwenye ngazi ya kujengwa upya, kuishusha hadi chini ya paa na kulifunga paa kunaweza kuwa nafuu kwa muda mrefu. Lakini ibomolewe kwa mpango. Watu wengine hubomoa kwanza sehemu ya chini ndani ya chumba ili wapate nafasi ya kabati, na kuuacha mnara wa juu ukining'inia juu ya dari bila nguzo ya chuma ya kuubeba. Na kama ukuta ni wa pamoja na jirani, England na Wales zinadai apewe taarifa kwa maandishi chini ya sheria ya 1996 ya kuta za pamoja, kwa sababu njia yake ya moshi huenda inapita ndani ya tofali zilezile zinazotaka kuondolewa.